Upinzani ukiingia serikalini, nani anabaki kuangalia hesabu?

Jumapili fulani tulikuwa kwa shangazi yangu Nyalenda, watu wa nyumbani tu, samaki imeshaliwa na tunangoja chai, mjadala ukaanza vile huwa unaanza hapa Kisumu, mtu anataja ODM, chama cha Raila Odinga kilichokuwa upinzani, na nyumba inagawanyika. Shangazi anauza mitumba Kibuye tangu miaka ya tisini na msimamo wake ni mmoja, handisheki, yaani upinzani kushikana mikono na serikali, imempa nafasi ya kufungua biashara bila kukimbizwa na vitoa machozi, na anayetaka kumrudisha kwa yale maisha ya zamani atafute mtoto wake mwenyewe wa kupeleka barabarani. Binamu yangu wa miaka 23 naye alikuwa kwa maandamano ya Juni 2024. Yeye anasema tuliuzwa, walitoka kupinga serikali na kabla miezi miwili iishe watu wetu ndio wakawa serikali. Nikaulizwa, "na wewe baba uko upande gani?" ndivyo shangazi huniita kwa sababu nilipewa jina la baba yake, na mimi ambaye huwa sikosi maneno nikakosa jibu. Nimekaa na hilo swali wiki kadhaa sasa. Nataka kulipima vizuri, manake naona kila mtu ameshika upande wake na kumtukana mwingine, na hakuna anayekubali kwamba mwenzake ana hoja.

Kwa ambaye hakufuatilia, mambo yalienda hivi. Juni 25, 2024 wabunge walipitisha Mswada wa Fedha kwa kura 195 dhidi ya 106, vijana wakaingia bungeni, watu wakapigwa risasi, siku iliyofuata Rais Ruto akasema hatautia saini. Julai akavunja baraza la mawaziri, alafu akaita watu wa ODM ndani. John Mbadi akapewa Hazina ya Kitaifa, Opiyo Wandayi Kawi, Hassan Joho Madini, Wycliffe Oparanya vyama vya ushirika. Machi 7, 2025 Ruto na Raila wakasaini makubaliano ya vipengele kumi pale KICC. Oktoba 15 mwaka huohuo Raila akafariki huko India, tukamuaga Mamboleo, akazikwa Bondo, na chama kikaenda kwa mikono ya ndugu yake Oburu Oginga. Sasa kuna wanaosema tukae ndani mpaka uchaguzi wa Agosti 10, 2027 na zaidi, na kuna kina Sifuna na Orengo, wa ODM hiyohiyo, ambao hawajaficha kwamba hii serikali jumuishi haiwakalii vizuri.

Nianze na upande wa shangazi kwa sababu vijana hawaupatii uzito unaostahili.

Uchaguzi wa Desemba 27, 2007 ulituachia zaidi ya watu 1,100 waliokufa na kama laki sita waliofukuzwa makwao. Hapa Kisumu wengi waliokufa waliuawa na risasi za polisi, Tume ya Waki iliyochunguza ghasia hizo iliandika hivyo. Kibanda cha shangazi kilichomwa na belo mbili ambazo alikuwa amechukua kwa deni, na ile deni aliilipa miaka mitatu, polepole, huku akianza upya na nguo za kutandika chini kwa gunia. Ikaja 2017, Baby Pendo, mtoto wa miezi sita, akapigwa na polisi ndani ya nyumba hukuhuku Nyalenda akafa, na ule uchaguzi wa marudio wa Oktoba 26 haukufanyika kabisa Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori. Ikaja 2023, maandamano ya unga, Jumatatu na Alhamisi, Kondele inafungwa, mchana mzima ni milio. Mtu aliyepitia hayo yote ukimwambia demokrasia inahitaji upinzani wenye nguvu anakuuliza hiyo nguvu inatoka kwa nani, manake yeye ndiye amekuwa akiilipia, si wale walioko kwa jukwaa na magari yenye vioo vyeusi.

Na si amani peke yake. Ile nusu mkate, serikali ya pamoja ya Kibaki na Raila ambayo Kofi Annan alipatanisha, iliyosainiwa Februari 28, 2008, watu waliicheka sana kwa vile ilikuwa na mawaziri 40 na kila mmoja na bendera yake, lakini ndiyo ilileta katiba ya 2010 ambayo karibu asilimia 67 ya wapigakura waliikubali Agosti 4 mwaka huo. Bila hiyo katiba hakuna kaunti, hakuna pesa ya kaunti, na hakuna mahakama ambayo ingethubutu kufuta uchaguzi wa rais vile Jaji Mkuu Maraga na wenzake walifanya Septemba 1, 2017. Handisheki ya Uhuru na Raila ya Machi 9, 2018 nayo ilituletea bandari ikafufuliwa, uwanja wa Mamboleo ukajengwa, Madaraka ya 2021 ikaletwa hapa. Kuna watu watasema hizo ni haki yetu si zawadi, na ni kweli, lakini hiyo haki ilikuwa imekawia sana.

Nina rafiki yangu wa Nakuru, tulisoma chuo pamoja, kwao ni Free Area. Januari 2008 familia yao ililala kwa hema pale uwanja wa maonyesho ya kilimo, kama wengine maelfu. Yeye huniambia kwamba amani ya Nakuru haikuletwa na mahubiri wala zile fulana za amani ambazo mashirika hugawa kila uchaguzi ukikaribia. Ilikuja Uhuru na Ruto walipoungana wakaenda uchaguzi wa 2013 pamoja, watu wawili ambao 2007 walikuwa pande tofauti na wote wakiwa na kesi ICC. Viongozi wakashikana mikono huko juu, na jirani wa Njoro na jirani wa Molo wakaweza kwenda soko moja. Ukimwambia huyo kwamba viongozi kuungana ni usaliti wa demokrasia atakuangalia tu.

Lakini huyohuyo rafiki ndiye alinifungua macho kwa upande wa pili bila kukusudia. Naibu Rais Gachagua alipotimuliwa Oktoba 2024 alinipigia simu, ananiuliza kama Kisumu ploti bado ziko bei ya chini. Alikuwa anauliza kama mchezo lakini sauti haikuwa ya mchezo. Hapo nikaona hii amani tunayoisifu imefungwa kwa uhusiano wa watu wawili, wakikosana wao inabidi watu wengine wahesabu tena nani ni jirani na nani ni mgeni. Si amani ya sheria. Ni amani ya watu wawili na ikiisha hakuna mahali pa kushtaki.

Sasa upande wa binamu, na hapa lazima nirudi nyuma kidogo.

Handisheki ya kwanza ya nchi hii haikuwa 2008. Ilikuwa Novemba 1964, wakati KADU ya Ronald Ngala, chama cha upinzani ambacho kina Masinde Muliro na Daniel Moi walikuwemo, ilijivunja yenyewe na kuingia KANU, chama kilichokuwa kinatawala. Walisema ni kwa ajili ya umoja wa taifa changa, na nina uhakika wengine wao waliamini hivyo. Kilichofuata tunakijua. Serikali za majimbo ambazo KADU ilizipigania zilikufa bila mtu wa kuzililia bungeni. Jaramogi Odinga, baba yake Raila, alipotoka KANU 1966 na kuanzisha KPU alijikuta peke yake, na Oktoba 25, 1969 hapa Kisumu, siku ya kufungua ile hospitali iliyojengwa na Warusi, umati ulipigwa risasi, ndani ya siku chache KPU ikapigwa marufuku na yeye akawekwa kizuizini. 1982 chama kimoja kikaandikwa kwa katiba. Ilichukua mpaka Desemba 1991 hiyo sheria kuondolewa. Miaka ishirini na saba tangu KADU iingie ndani kwa roho nzuri. Siwezi kusema KADU ndiyo ilisababisha yote, kulikuwa na sababu nyingi, lakini nasema mlango ulifungwa kutoka ndani na watu waliokuwa wamepewa kazi ya kuushikilia wazi.

Hiyo ni historia, mtu anaweza kusema nyakati zimebadilika. Basi tuangalie nyakati hizi. Bungeni kuna kamati ya hesabu za umma, ile inaitwa PAC. Mkaguzi Mkuu akimaliza kukagua wizara ripoti inaenda kwa hiyo kamati, makatibu wa wizara wanaitwa kujieleza pesa ilienda wapi, na kwa desturi mwenyekiti anatoka upinzani ili asiwe anamkagua bosi wake. Baada ya uchaguzi wa 2022 mwenyekiti wa PAC alikuwa nani? John Mbadi. Kabla yake, kwa bunge lililotangulia, alikuwa Opiyo Wandayi, ambaye 2024 alikuwa amekuwa kiongozi wa wachache bungeni. Hawa wawili ndio waliochukuliwa. Yule aliyekuwa akiita watu wa Hazina wajibu maswali amekuwa mkubwa wa Hazina, na yule aliyekuwa akiongoza upinzani wote bungeni amekuwa waziri. Sisemi ni watu wabaya, Mbadi anazielewa hesabu za serikali kuliko wengi, na hiyo ndiyo inaniuma, manake tulikuwa na mtu mmoja anayejua kusoma hivyo vitabu na sasa yeye ndiye anayeviandika. Mwaka wa 2023 wabunge wa ODM walipinga Mswada wa Fedha, 2024 wakapinga tena, 2025 mswada ulikuja ukiwa wa waziri kutoka ODM. Kiti cha PAC kilipewa mtu mwingine, ndiyo, lakini ukiwa mwenyekiti na chama chenu kina mawaziri kwa serikali unayoikagua, unaanza kumuuliza nani maswali magumu?

Na deni. Handisheki ya 2018 ilipoanza deni la taifa lilikuwa kama trilioni 5, kufika Juni 2022 lilikuwa limepita trilioni 8.5. Corona ilichangia, na miradi mingine ilikuwa imeanza kabla, kwa hivyo sitalitupa lote kwa handisheki. Lakini jiulize katika ile miaka minne ni kiongozi gani mkubwa wa upinzani alisimama akasema hii kasi ya kukopa itatumaliza. Walikuwa kwa BBI, ule mpango wa kubadilisha katiba, mpaka Mahakama ya Upeo ikaizika Machi 31, 2022. Alafu deni ndilo lilileta kodi za 2023, na kodi za 2023 na 2024 ndizo zikatoa watoto barabarani, na barabarani ndiko walikufa. Ukifuata huo uzi vizuri unaona kimya cha miaka ya amani kilituletea bili, na bili ikalipwa na watu ambao 2018 walikuwa shule ya msingi na upili.

Hata hiyo hoja ya damu ambayo shangazi anaitegemea, na naiheshimu, haisimami wima kabisa. Juni na Julai 2025 serikali jumuishi ilikuwepo, makubaliano yameshasainiwa, na bado siku ya Saba Saba, Julai 7, peke yake tume ya haki za binadamu KNCHR ilihesabu vifo zaidi ya 30. Mwezi mmoja kabla, Albert Ojwang, mwalimu kijana, alikamatwa kwao Homa Bay akasafirishwa mpaka Nairobi akafia mikononi mwa polisi. Kwa hivyo risasi hazikuisha. Zilihama tu. Mtaani kwetu palikuwa na utulivu, shangazi aliuza kama kawaida, na mimi nilikuwa nashukuru huku roho ikinisuta kwa vile mama wa mtu mwingine mahali pengine ndiye alikuwa analia.

Mtu atasema hii ni shida ya Kenya. Hapana, inatokea hata kwa nchi ambazo tunaambiwa ndizo walimu wa demokrasia. Ujerumani vyama vikubwa viwili, CDU na SPD, viliungana kuunda serikali 2005, vikaungana tena 2013. Nchi ikatulia, uchumi ukaenda. Lakini mpigakura aliyekasirika, wa uhamiaji, wa kodi, wa chochote, akitafuta wa kumpigia aliyeko nje ya serikali alimpata nani? 2017 chama cha mrengo mkali wa kulia, AfD, kiliingia bunge lao kwa mara ya kwanza na asilimia 12.6, na wale wakubwa wawili walipoungana tena, AfD ikawa ndiyo chama kikubwa cha upinzani. Februari 2025 ilipata asilimia 20.8 ikawa ya pili. Kuna sababu nyingine za hiyo AfD kukua, sitadanganya kwamba ni hii tu, lakini ukiacha kiti cha upinzani wazi kuna mtu atakikalia, na si lazima awe mtu unayempenda. Zimbabwe ilikuwa mbaya zaidi. Kiongozi wa upinzani Tsvangirai aliingia serikali ya pamoja na Mugabe Februari 2009 akawa waziri mkuu, pesa ikatulia, maduka yakajaa, na uchaguzi wa 2013 Mugabe akapata asilimia 61 yeye akabaki na 34 hivi. Aliyeokoa serikali hakupewa asante.

Hapo nilikuwa nimeanza kumpa binamu ushindi, alafu nikaangalia Afrika Kusini na mambo yakachanganyika tena. Mei 2024 ANC ilipata asilimia 40, mara ya kwanza kukosa wingi tangu 1994, ikabidi iunde serikali na DA ambao walikuwa wapinzani wao wakubwa. Mwaka uliofuata waziri wa fedha akataka kupandisha VAT. DA wakiwa ndani ya baraza la mawaziri, na magari ya serikali na kila kitu, wakakataa, wakaenda mpaka mahakamani, na Aprili 2025 ile nyongeza ikaondolewa. Kumbe inawezekana kuwa ndani na bado ukasema hapana! Mbona huko iliwezekana?

Nimefikiria hii na naona ni kwa sababu ya mahali nguvu inatoka. Rais wa Afrika Kusini anachaguliwa na bunge, akikosa kura za washirika wake anaweza kung'olewa na hao hao. Kwa hivyo DA waliingia wakiwa wameshika kitu mkononi. Rais wetu anachaguliwa na wananchi moja kwa moja, asilimia 50 na kura moja juu yake pamoja na robo ya kura katika kaunti 24, akishaapishwa hahitaji mtu wa ODM ili aendelee kukaa Ikulu. Aliyealikwa ndani hivyo ni mgeni, na mgeni haulizi mbona chumvi imezidi. Ndiyo maana handisheki zetu zinategemea ukarimu wa mwenye nyumba.

Na hapa ndipo mimi naona ugonjwa wenyewe uko, hizi handisheki ni dalili tu. 2022 nilikuwa karani wa uchaguzi kwa shule moja ya msingi Manyatta. Tulihesabu kura usiku, afisa msimamizi anainua karatasi moja moja, anataja jina, mawakala wanaangalia, tukajaza fomu ya matokeo, 34A, ikapigwa picha ikatumwa. Kwa ile debe yetu karibu kura zote zilikuwa za Raila. Nchi nzima alipata kura milioni 6.9 na Ruto milioni 7.2, tofauti ilikuwa kama laki mbili na elfu thelathini na tatu. Sasa niambie, kesho yake hizo kura milioni 6.9 zilikuwa na kiti gani? Hakuna. Tangu katiba ya 2010 mgombea urais hagombei ubunge wakati huohuo, kwa hivyo aliyeshindwa anatoka mikono mitupu, si mbunge, si seneta, hana ofisi wala sauti iliyoandikwa mahali popote. Amebaki na milango miwili, barabara ama Ikulu. Raila alipita barabara 2023, alafu akapita mlango wa Ikulu 2024. Tunamlaumu mtu kwa kupita mlangoni wakati nyumba tuliyomjengea haina dirisha.

Zamani haikuwa hivyo. Kibaki alishindwa 1997 lakini alibaki mbunge wa Othaya, akawa kiongozi rasmi wa upinzani bungeni kuanzia 1998, akakaa pale akiichambua bajeti ya Moi mwaka baada ya mwaka, na 2002 akaingia Ikulu. Alikuwa na mahali pa kusimama. Uingereza nayo, ambayo tuliiga mambo yake mengi na tukaacha mengine ya maana, inamlipa kiongozi wa upinzani mshahara wa serikali tangu 1937. Wao walielewa kwamba kupinga ni kazi, na kazi inalipwa.

Ile kamati ya mazungumzo ya kitaifa, NADCO, ya kina Kalonzo wa upinzani na Ichung'wah wa serikali, ilipendekeza ofisi ya kiongozi rasmi wa upinzani kwa ripoti iliyotoka Novemba 2023. Utekelezaji wa hiyo ripoti uliingizwa hata kwa makubaliano ya Machi 2025. Nilipomwambia binamu hivyo alinikata kauli. Akasema hicho ni kiti kingine cha wakubwa, walinzi wengine, magari mengine, na mlipaji ni yeye ambaye hajapata kazi tangu amalize diploma. Na akauliza, mtu analipwa na serikali atampinga serikali kweli? Hizo hoja zina uzito, sitazipuuza. Gharama ni kweli. Kuna pia hatari kwamba aliyeshindwa atatulia pale miaka mitano akila mshahara na kusoma taarifa mbili kwa mwezi.

Lakini bado naiona afadhali, na sababu yangu ni moja. Ukimlipa mtu kazi ya kupinga akaacha kuifanya, unajua jina lake na unamwondoa. Leo mpigakura wa Kisumu aliyekasirishwa na kodi 2027 atamwondoa nani? Serikali iko na chama chake ndani. Upinzani ni chama hichohicho kwa jina. Mwaka wa 2024 dunia ilipiga kura kuliko mwaka mwingine wowote, na karibu kila mahali watu waliwaadhibu waliokuwa madarakani. Botswana waliiondoa BDP, chama tawala, baada ya miaka 58, Uingereza wakawaondoa Conservative Julai 4, Ghana wakabadilisha chama na Bawumia, mgombea wa chama tawala, akakubali kushindwa kesho yake asubuhi hata kabla matokeo rasmi yatangazwe. Hasira ilikuwa kubwa kila mahali, bei ya vitu na ukosefu wa kazi, lakini kulikuwa na mtu nje amesimama wa kuipokea hiyo hasira kwa karatasi ya kura. Mahali ambapo hakuna, hasira haiishi, inatafuta njia nyingine. Marafiki wa binamu yangu wengi wana picha ya Kapteni Traoré wa Burkina Faso kwa simu zao. Alichukua nchi kwa bunduki Septemba 2022, uchaguzi uliokuwa ufanyike kufikia Julai 2024 haukufanyika, akajiongezea miaka mitano. Wanajua. Wanasema angalau yeye hakushikana mikono na mtu. Hiyo sentensi iliniogopesha kuliko mabango yote ya Juni, kwa sababu hawa si watoto wajinga, ni watoto waliopiga kura mara moja ama hawajapiga kabisa na wameshaona kila anayechaguliwa kupinga anaishia mezani.

Kwa hivyo jibu langu kwa shangazi, kwa vile aliniuliza na nikanyamaza, ni kwamba handisheki ya siku moja ya kuzima moto naikubali, hata kesho ikibidi, hakuna kura yenye thamani ya mtoto wa miezi sita. Ninachokataa ni handisheki kugeuka mfumo wa kutawala. Moto ukishazimwa, waliotumwa kukagua warudi kukagua, na kama ODM inataka kuendelea kuwa na mawaziri basi iachie kamati za hesabu kwa watu ambao kweli wako nje, na isijiite upinzani, iseme wazi kwamba ni serikali na iende 2027 ikijibu kama serikali. Na kiti cha aliyeshindwa kiandikwe kwa sheria kabla ya uchaguzi, wakati hakuna anayejua nani atakihitaji, manake baada ya matokeo kila mshindi huona hakina haja.

Nilirudi kwake juzi jioni nikamwambia haya yote akiwa anakunja nguo. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "sawa baba, lakini hiyo sheria yenu ikichelewa, mimi bado nafunga kibanda saa ngapi?" Nikamwambia sijui. Binamu alikuwa ameketi hapo kwa stuli na simu yake, bado amehifadhi ile orodha ya Juni 2024, wale 195 waliosema ndiyo na wale 106 waliosema hapana, wengi wa ODM wakiwa kwa hao 106. Anasema ameanza orodha nyingine, kila mswada wa kodi unaopita kuanzia sasa mpaka 2027, jina kwa jina, ataziweka mbili sambamba. Shangazi akaacha kukunja nguo, akamwambia amsomee ya mbunge wetu kwanza.